Mtego wa Gitaa Jekundu

Kuna watu wakiumizwa hulia, wakamaliza. Kiwembe hakuwa wa kundi hilo. Yeye akiumizwa hunyamaza, akapiga pasi nguo zake, akaenda kutafuta mahali pa kuvizia.

Ndivyo alivyoacha kazi kwenye duka la mapazia, kazi aliyoipenda na iliyomzoea, akaenda kuomba ajira kwenye duka la vyombo vya muziki ambako hakujua hata gitaa hushikwa upande gani. Mwenye duka, mzee mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, alimuuliza kwa nini anataka kuuza magitaa. Akajibu kuwa anapenda muziki. Mungu amsamehe. Muziki alikuwa hataki hata kuusikia kwa jirani. Alichotaka ni mtu mmoja aingie kwenye mlango ule, na amkute yeye nyuma ya meza.

Mtu huyo walimwita Nyuzi. Siku za kazi alikuwa fundi friji, mwisho wa wiki mpiga gitaa wa bendi, na siku zote mgonjwa. Ugonjwa wake ulikuwa kununua. Sauti isipokaa sawa, lawama aliitupia chombo. Kidole chake hakikuwahi kukosea hata mara moja. Leo waya, kesho spika, keshokutwa kile kidude cha kukanyaga kwa mguu ili gitaa likwaruze kama paka aliyefungiwa nje. Vidude vilijaa chumbani kwake hata kitanda kikajibanza ukutani kama mgeni asiyealikwa. Kiwembe alivumilia. Alimpenda hivyo hivyo, kama mtu anavyompenda anayekoroma.

Mpaka siku ya utambulisho.

Baba yake Kiwembe ni fundi saa. Siku hiyo alifunga kibanda chake mchana kweupe, jambo ambalo mtaa mzima ulilizungumza, akavaa koti lake jeusi, akaketi sebuleni pamoja na shangazi na baba mdogo kumsubiri kijana aje ajitambulishe. Kijana akatoka kwake mapema, amenyoa, ananukia. Njiani akapita kwenye duka lile lile la vyombo vya muziki. Dakika tano tu, alijiambia, nitazame gitaa jipya lililoingia. Wakamkalisha kwenye chumba cha kujaribia, wakamvika hedfoni masikioni, simu ikabaki ndani ya begi. Ikalia humo mpaka ikachoka. Alipovua zile hedfoni duka lilikuwa linafungwa, na alitoka na gitaa mgongoni na mifuko mitupu, kwa kuwa kile alichokuwa amewawekea wakwe kilikuwa kimebaki kwa mwenye duka.

Alipofika kwa kina Kiwembe, viti vilikuwa vinarudishwa kwa majirani. Baba mdogo alimtazama, akatazama na mzigo mgongoni, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwacheni," alisema. "Bwana harusi ameshaoa ubao." Baba alivua koti, akalitundika nyuma ya mlango, na tangu siku hiyo halijashuka.

Kicheko kile na koti lile ndivyo Kiwembe alivyokuwa akilala navyo. Nyuzi alituma salamu, akatuma rafiki, akatuma dada yake. Ujumbe ulikuwa mmoja: ameacha, hanunui tena, amsikilize japo mara moja. Kiwembe hakujibu. Mlevi naye huapa kila asubuhi.

Alichofanya ni kujifunza. Mwenye duka alikuwa na siri moja ya kazi, na aliipenda kuliko miwani yake. Alimwambia Kiwembe asijisumbue kumsifia mteja gitaa. "Mpe mkononi kabla hajauliza bei," alisema. "Mpiga gitaa akishaliketisha pajani, binti yangu, limeshakuwa lake. Kinachobaki ni karatasi." Na karatasi zilikuwapo, za kulipa kidogo kidogo hata mtu azeeke. Kiwembe alielewa upesi. Kwenye mapazia pia ilikuwa hivyo: mwanamke akishalishika pindo na kulipitisha kwenye shavu, pima kitambaa.

Basi mpango ukawa huu. Nyuzi aje. Aketishwe na lile gitaa jekundu la ukutani, lililong'aa kama pilipili iliyooshwa, ambalo kila mpiga gitaa aliyeingia alilisalimia kwanza kabla ya watu. Asaini karatasi ya kumfunga mwaka na zaidi. Na wino ukishakauka, Kiwembe atamwambia, taratibu, kwamba hiyo ndiyo bei ya koti la baba yake. Kisha atampa shangazi jibu analolingoja.

Kwa sababu shangazi naye hakulala. Alikuwa amemtafuta mfamasia, mtu wa makamo, mpole, anayefika mahali kabla ya viti. "Anayepima dawa," alisema shangazi, "hawezi kukosa kipimo cha mke." Kiwembe alikuwa hajasema ndiyo wala hapana, na asubuhi moja shangazi, aliyempa jina la Kiwembe tangu akiwa mdogo kwa ajili ya ulimi wake, alimwambia uvumilivu wa watu una mwisho. Angempigia simu jioni. Alitaka neno moja.

Nyuzi aliingia mchana wa siku hiyo hiyo, wakati mwenye duka ametoka kwenda kula.

Kiwembe alimwona kwanza kupitia kioo cha mlango. Alikuwa amekonda. Sanduku la vifaa vya friji lilining'inia begani kwa mkanda, na shati lake la kazi lilikuwa na doa la grisi pale pale ambapo madoa yake hukaa siku zote, chini ya kifungo cha pili, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kujifutia hapo. Mikono yake yote miwili ilikuwa mfukoni. Alisukuma mlango kwa goti.

Akamwona. Akasimama kama mtu aliyekanyaga waya.

"Karibu," alisema Kiwembe, kwa sauti ile ile aliyowakaribishia wanunuzi wa mapazia. "Tukusaidie nini?"

"Wewe," alisema Nyuzi. Kisha akajaribu tena. "Wewe unafanya nini hapa?"

"Nauza. Na wewe?"

Akasema amekuja kuchukua nyuzi, seti moja, za kawaida. Zake zimeshika kutu na wana harusi ya kupigia Jumamosi. Alipotamka harusi macho yake yalikimbilia sakafuni.

"Nyuzi tu?"

"Nyuzi tu."

"Na hiyo mikono? Unaumwa?"

Akaona aibu, lakini akasema ukweli, kwa maana Nyuzi hakuwa mwongo. Hilo ndilo lililokuwa likimuudhi Kiwembe zaidi. Alisema amejiwekea sheria. Akiwa dukani mikono haitoki mfukoni mpaka wakati wa kulipa, na hapo hutoka mmoja.

"Kama mtoto aliyeambiwa asiguse vyombo vya wageni."

"Kama huyo huyo."

Kiwembe alikaribia kucheka. Alikiuma kicheko akakimeza, akajikumbusha koti. Alizunguka meza akaja upande wake, karibu, hata harufu ya sabuni na grisi ikamfikia, na moyo wake mjinga ukaanza kurukaruka kama haukuambiwa kilichotokea. Aliushusha chini. Akamuuliza kwa upole ugonjwa unaendeleaje.

Nyuzi alitazama ukutani, kwenye gitaa jekundu, akageuza uso haraka.

"Nikiona kitu kipya," alisema, "kichwa kinanitungia wimbo. Wimbo mzuri kuliko wote niliowahi kupiga. Kinaniambia umo ndani ya kile chombo, ukikichukua unao. Basi nakichukua. Nafika nyumbani nafungua, wimbo haumo. Umehamia kwenye kingine, kiko dukani. Nimeufukuza huo wimbo miaka, Kiwembe, na unanikimbia kwa fedha zangu mwenyewe."

"Na siku ile ya baba ulikuwa ukiufukuza."

"Siku ile nilidhani nimeukamata."

Ingekuwa siku nyingine angemshika shavu. Leo alisema tu, "Pole," na akanyoosha mkono juu akalishusha gitaa jekundu.

Alilileta kwake kama mtu anayempakata mtoto wa mwenzake. Akamwambia yeye bado mgeni kazini, bosi akirudi atauliza kama kuna mteja aliyejaribu chochote, na mpaka sasa hakuna. Atafukuzwa, na mapazia hayamtaki tena. Amsaidie. Akae nalo kidogo tu, si lazima anunue. Uongo ulimtoka laini, umepigwa pasi.

Nyuzi alirudi nyuma hatua moja. "Usinifanyie hivyo."

"Nimekufanyia nini?"

"Unajua."

"Sijui kitu mimi. Nauza magitaa." Akainua macho, akamtazama kama alivyomtazama zamani, siku za mwanzo, wakati walipokuwa wakisindikizana mpaka mtaa wake, wakarudi mpaka mtaa wa pili, wakarudi tena, hata mbwa wa njiani wakachoka kuwabwekea. "Nipigie ule wimbo ulionitungia," alisema. "Mara moja. Nikuage nao."

Hiyo ndiyo silaha aliyokuwa ameiweka akiba, na aliona ilivyoingia. Kope za Nyuzi zilicheza. Mkono mmoja ukatoka mfukoni, polepole, kama mwizi anayechungulia. Kisha wa pili.

Alikaa kwenye kiti cha kujaribia. Gitaa likashuka pajani pake likatulia, na Kiwembe akaikumbuka siri ya mwenye duka, akaona mdomo umemkauka kwa furaha mbaya. Akavuta amplifaya ndogo, kile kisanduku cha kukuzia sauti. Akachomeka waya wa gitaa, akachomeka na hedfoni, akawasha, taa ndogo nyekundu ikawaka. Mwenyewe akamvika hedfoni masikioni. Vidole vyake viligusa nywele za Nyuzi kwa nyuma, pale zinapojikunja, vikaondoka haraka kama vimeungua.

Nyuzi alipiga uzi mmoja. Akasita. Akaitazama amplifaya, akamtazama Kiwembe, midomo ikafunguka kama anataka kusema neno. Kisha akaufunga mdomo, akainama, akaanza kupiga.

Gitaa la umeme lisipokuwa na spika hutoa sauti nyembamba, kama panya anayetembea juu ya karatasi. Kiwembe aliusikia wimbo wake ukija hivyo, mdogo, umekauka. Ulikuwa na maneno, Nyuzi aliyatunga mwenyewe:

*Nyuzi sita za gitaa, ya saba ni wewe moyo,*
*Sita zijapochakaa, ya saba haifi hiyo.*

Na hapo ndipo mambo yalipomtoka. Hakuyapanga. Alikuwa amepanga kungoja sahihi. Lakini mtu aliyekukosea anapokuwa mbele yako, macho chini, masikio yamefunikwa, ulimi hukosa mlinzi.

"Mbwa wewe," alimwambia, taratibu, huku akitabasamu ili akiinua macho aone tabasamu. "Ya saba haifi, eti. Uliiua mwenyewe. Uliiua ukiwa umevaa haya haya masikioni.

"Unajua baba yangu alifanya nini siku ile? Aliamka akapiga rangi viatu. Vya kwake, na vyangu, na vya baba mdogo asiyevaa viatu. Mtu anayetengeneza saa za watu, Nyuzi, akakaa anaitazama ya kwake. Kila gari likipita anasema, huyo. Likipita lingine, huyo sasa. Mwisho akaacha kusema. Shangazi akaanza kunitazama mimi. Na ulipofika na huo ubao wako mgongoni alivua koti akalitundika, na halivai tena. Juzi tumekwenda kumzika jirani, yeye amevaa sweta. Nikamuuliza, baba, koti? Akasema, lile ni la kungojea watu."

Vidole vya Nyuzi vilijikwaa, vikaendelea.

"Nilikuja hapa kwa ajili yako. Niliiacha kazi yangu nikaja kujifunza majina ya takataka zako ili nikuuzie. Karatasi iko chini ya meza. Utaisaini, nakujua, umeshalipakata. Utalilipia mpaka ndevu ziwe nyeupe. Na jioni shangazi akinipigia nitamwambia ndiyo, nampata mfamasia wangu, anayefika kabla ya viti, asiyepiga chochote hata mluzi." Machozi yalikuwa yanamshuka sasa na aliyafuta kwa kitambaa cha kupangusia vumbi. "Nitaolewa naye, na hapo ndipo nitakuchukia kwa raha. Maana sasa hivi nakuchukia kwa taabu. Nakuchukia halafu naota una doa lako hapo kifuani, naamka natafuta sabuni. Saini uondoke. Saini, nikuone ulivyo, nipumzike."

Wimbo uliisha. Nyuzi alikaa na kiganja juu ya nyuzi kuzinyamazisha. Kisha akavua hedfoni, akaziweka gotini.

Kiwembe alikuwa ameshauosha uso kwa tabasamu. "Linasemaje?"

"Sijawahi kusikia kitu kama hiki," alisema Nyuzi, na sauti yake ilikuwa na mkwaruzo.

"Nikuletee karatasi?"

"Ilete."

Akaileta. Akaiweka juu ya amplifaya pamoja na kalamu, na Nyuzi akaishika kalamu. Kiwembe alisimama kumtazama. Ndio huu wakati aliouota akipiga pasi, akipanga magitaa, akimchekea mzee mwenye miwani. Alingoja utamu uje. Haukuja. Alijiona kama mtu aliyemsukuma mwenzake kisimani kwa mzaha na sasa anasubiri asikie maji. Usisaini, alisema moyoni, na alishtuka kujisikia akisema. Usisaini, ewe mpumbavu.

Nyuzi aliisoma mpaka chini. Akaiweka kalamu. Akainama, akauchomoa waya wa gitaa kwenye amplifaya, akauonyesha.

"Hapa ulipochomeka ni mahali pa swichi ya mguu," alisema. "Gitaa linaingia hapa pembeni. Matundu yanafanana, wageni wote hukosea hapo." Akakohoa. "Hedfoni zilikuwa kimya, Kiwembe."

Magitaa ukutani yalikuwa kama watu waliokuwa wakisikiliza nao.

"Ulisikia," alisema Kiwembe.

"Nilisikia."

"Kuanzia wapi?"

"Kuanzia mbwa."

Hasira ilimpanda toka miguuni. Alimuuliza ni uungwana gani wa kukaa pale unajifanya unapiga gitaa, mtu anamwaga moyo wake sakafuni. Angesema, angenyoosha kidole, angefanya lolote. Alimwita jasusi. Alimwita na mengine ambayo mapazia yasingeyavumilia.

"Nilitaka kukuambia," alisema Nyuzi. "Nikaona mdomo wako unaanza. Siku ile uliponipigia simu sikusikia. Leo nilikuwa na njia ya kutosikia na njia ya kusikia. Ningeuhamisha ule waya ningekuwa yule yule."

Kiwembe aliikunja karatasi mara nyingi, ikawa ndogo kama kidonge.

"Kwa hiyo hulinunui."

Nyuzi aliliinua gitaa jekundu. Alilitazama, na hakuficha. Macho yalimlegea kama ya mtu mwenye njaa kwenye dirisha la hoteli.

"Nalitaka," alisema. "Nisikudanganye. Lina shingo nyembamba, na hata bila spika nimelisikia linavyoitika. Leo nikilala nitaliota." Akanyanyuka, akalirudisha ukutani mwenyewe. Alipoliachia alirudisha mikono mfukoni upesi, akabaki amelipa mgongo, anapumua kama aliyepanda ngazi. "Silinunui. Hilo la koti nilikuwa silijui."

"Sasa unalijua."

"Nisamehe, Kiwembe."

"Thubutu," alisema. Na alipolisema neno hilo alijua kisasi chake hakijafa. Kimebadili nguo tu. "Usije ukaniomba msamaha mimi, nitaupokea haraka na sitaki. Utakuja nyumbani Jumapili. Atakuwepo baba, atakuwepo shangazi, na baba mdogo nitamwita mimi mwenyewe, na nitamwambia aje na vicheko vyake vyote. Watasema wanachotaka. Wewe utanyamaza. Hutaeleza habari za nyimbo zinazohama. Utakaa kwenye kile kigoda cha jikoni, si kwenye kiti."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa upande wao."

Nyuzi aliinamisha kichwa. Kiwembe aliona kitu kimepita kwenye kona ya mdomo wake, kidogo sana, akajua kuwa yule mwanaume ameelewa zaidi ya alichoambiwa.

"Nitakuja," alisema. "Mikono mitupu. Sitabeba hata waya."

"Mikono mitupu kwa wakwe? Umelelewa wapi?" Neno wakwe lilimponyoka, akalikanyaga kwa jingine haraka. "Friji ya nyumbani imekufa tangu mwezi uliopita, inanuka. Utakuja na sanduku lako hilo. Utaitengeneza huku unatukanwa."

"Bure?"

"Unauliza?"

Alitoa mkono mmoja mfukoni, akalipia nyuzi zake. Kiwembe alimrudishia chenji bila kumgusa kidole, na ilikuwa kazi nzito kuliko siku nzima. Nyuzi akasukuma mlango kwa goti, sanduku likagonga fremu, akatoka. Hakugeuka kuangalia kioo cha dirisha, ambako vidude vipya vilipangwa kwa rangi kama peremende. Kiwembe alimchungulia mpaka alipoipita pembe ya barabara, kuhakikisha. Alikuwa tayari kumchukia tena mara moja kama angegeuka.

Mwenye duka alirudi akijichokonoa meno, akaliona gitaa jekundu mahali pake, akaiona ile karatasi iliyokunjwa mezani. Akauliza yule aliyepishana naye barabarani amechukua nini.

"Nyuzi," alisema Kiwembe. "Seti moja."

Mzee alivaa miwani ili amwone vizuri. "Yule? Yule amenisomeshea watoto. Hukumpa mkononi?"

"Nilimpa."

"Pajani?"

"Pajani."

Mzee alitikisa kichwa kama daktari aliyeona jambo lisilo kwenye vitabu, akaenda zake nyuma akinung'unika kwamba dunia inaharibika.

Simu ililia jua likiwa bado mlangoni. Shangazi hakusalimia, alikuwa na haraka ya furaha. Alisema mfamasia yuko kwake hapo hapo, ameketi, amekuja mapema, anakunywa maji tu, hata hakutaka kusumbua. Akashusha sauti. "Haya mwanangu. Neno moja."

Kiwembe aliangalia nje, kwenye pembe ile. Watu walipita na mizigo yao.

"Shangazi, mwambie asinisubiri. Asikose mke mwema kwa ajili yangu."

"Ni yule," alisema shangazi. "Yule wa mbao. Si ulisema unataka kumwadhibu, wewe? Si uliniapia?"

"Namwadhibu, shangazi. Nimeanza leo."

"Na utamaliza lini?"

"Ndiyo hivyo," alisema Kiwembe, akijifuta jicho kwa kitambaa cha vumbi. "Nimepiga hesabu, naona itanichukua maisha yangu yote."